Punda na farasi wetu katika miezi ya sakitu

Kamwene ndugu zangu, na mugonile kwa mliopanda kutoka Rungwe. Nashukuru mmekuja kabla Juni haijaingia, maana mengi nitakayoyasema leo hayafanyiki tena sakitu, ule umande ulioganda, ikishalala kwenye majani. Banda linajengwa sasa, na nyasi za kuhifadhi zinakatwa sasa, zinapoanza kutoa maua, si Agosti zikiwa zimebaki vijiti.

Watu husema, "Punda wangu ameuawa na baridi." Baridi peke yake huua mara chache. Kule Yakutia, Siberia ya mashariki, wapo farasi wanaokaa nje kipupwe chote, kipimo kikishuka hadi nyuzi 50 chini ya sifuri, nao hufukua theluji kwa kwato na kula nyasi zilizo chini yake. Wanapona kwa sababu manyoya yao ni mazito na makavu, wameweka mafuta mwilini tangu kiangazi, na tumbo halikai tupu. Sisi Kitulo, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kwenye mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, usiku wa sakitu hushuka nyuzi chache tu chini ya sifuri, na bado tunazika wanyama. Kinachowamaliza ni ngozi iliyolowa, upepo, njaa na kiu. Mara nyingi vinakuja pamoja: punda ameshusha viazi jioni, jasho halijakauka, manyunyu yanaanza, anafungwa kwenye kigingi pasipo na ukuta, na hakunywa maji tangu asubuhi.

Manyoya hukinga kwa hewa inayonaswa katikati yake. Unywele ukisimama, hewa inakaa. Ukilowa, unalala kwenye ngozi na kinga inakwisha. Ndiyo maana usiku mkavu wenye sakitu anaweza kuupita vizuri, kisha siku ya nyuzi 10 yenye mvua na upepo ikamwangusha. Wenzetu wa Mufindi na Tukuyu, ambako ukungu na manyunyu havikatiki hata Julai, jambo hili linawahusu kuliko hata watu wa Makete.

Hapa nataka mtofautishe punda na farasi. Farasi aliyezoea baridi huotesha manyoya marefu yenye mafutamafuta, na maji huteleza juu yake. Punda asili yake ni nchi kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika. Manyoya yake hayaongezeki sana msimu wa baridi, na yanalowa hadi kwenye ngozi. Farasi mwenye afya anaweza kuvumilia nyuma ya ua wa miti unaozuia upepo. Punda anahitaji paa. Sikubaliani kabisa na wanaosema punda ni mnyama sugu, aachwe tu. Usugu wake ni wa jua na ukame.

Banda lenyewe si la gharama. Kuta tatu na paa vinatosha. Miezi ya Juni hadi Agosti upepo wetu unatoka kusini mashariki, kwa hiyo kuta ziwe upande huo na mdomo wa banda utazame kaskazini au kaskazini magharibi. Msimu huo jua pia hupita upande wa kaskazini, hivyo mchana litaingia ndani na kukausha sakafu. Punda wawili wapate eneo la mita 3 kwa 3, farasi mmoja mita 3.6 kwa 3.6. Sakafu iinuliwe kwa kifusi na changarawe ili maji yasituame, na mtaro upite nyuma kupokea maji ya paa. Matandiko yafike kina cha sentimita 15. Mafinga na Njombe maranda ya paini yanapatikana viwandani, ni mazuri, ila msichukue maranda ya mahali wanapochakata nguzo zilizotiwa dawa. Yanayolowa yatolewe kila siku, yaongezwe makavu.

Chini ya paa acheni nafasi wazi ya sentimita 30 upande usio na upepo. Wapo wanaoziba kila tundu kwa viroba wakidhani wanamsaidia mnyama. Mkojo hutoa hewa kali ya amonia, na hewa hiyo ikikosa pa kutokea inaunguza mapafu. Ndipo kikohozi kinaanza. Chuchumaa ndani ya banda asubuhi, pua yako ifike kimo cha pua ya punda aliyelala. Macho yakiwasha, banda halipumui.

Na hili nalisema kwa msisitizo: jiko la mkaa lisiingie bandani. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, inaua mnyama na inamuua kijana anayelala naye. Ukiongeza maranda makavu na nyasi, cheche moja inamaliza kila kitu.

Sasa maji. Watu wengi huhofia chakula, lakini wakati wa kipupwe, kinachotangulia kuharibika ni unywaji. Farasi wa kilo 450 anahitaji lita 25 hadi 40 kwa siku, na punda lita 10 hadi 20 kulingana na mwili na kazi. Maji yakiwa ya kuuma meno, anakunywa nusu. Wakati huohuo majani mabichi yamekwisha, anakula mabua makavu ambayo yanahitaji maji mengi zaidi tumboni. Matokeo yake kinyesi kinakauka kwenye utumbo mpana na kuziba. Huo ndio msokoto wa tumbo wa kipupwe, na unazuilika kwa sufuria ya maji ya moto.

Chukua ndoo kubwa, weka lita 17 za maji ya baridi, mimina lita 2 zilizochemka. Utapata maji ya nyuzi 15 hivi, na mnyama atayanywa. Fanya hivyo asubuhi jua likishatoka, na tena jioni kabla ya chakula cha usiku. Pipa la nje liwekwe ndani ya matairi makuukuu, nafasi ya katikati ishindiliwe maranda, juu pawe na mfuniko wa mbao. Likigandia usiku, vunja ganda lote na ulitoe, usimtobolee tundu dogo. Chumvi isitiwe kwenye maji ili yasigande, ataacha kunywa. Mpe kwenye pumba: punda kijiko kimoja cha chakula, farasi viwili, kila siku, kwa sharti kwamba maji yapo. Wale wa nchi za theluji nao wana kosa lao, hudhani mnyama atalamba theluji zimtoshe. Ndoo kumi za theluji mpya zikiyeyuka hutoa maji ya ndoo moja, na kuyeyusha huko kunafanywa na joto la mwili wake.

Kila asubuhi tazama kinyesi. Chenye afya ni vidonge vyenye unyevunyevu vinavyopasuka kikianguka. Ukiona vidonge vidogo, vigumu, vyeusi, vimepakwa utelezi mweupe, usisubiri kesho. Farasi mwenye maumivu atapiga chini kwa mguu, atageuka kutazama ubavu, atajibwaga na kugaagaa. Punda hatafanya hayo. Atasimama kimya, kichwa chini, aache kula, na mwenye mali atadhani amechoka. Akigoma kula kutwa nzima, hiyo ni dharura, hasa kwa punda mnene au jike lenye mimba: mwili unaanza kuyeyusha akiba yake ya mafuta kwa kasi ambayo ini haliwezi, mafuta yanajaa kwenye damu, na wengi hawarudi. Msimnyweshe mafuta ya kula kwa chupa. Jamii ya punda haitapiki, na ukimlazimisha, mafuta yanashuka mapafuni. Atakufa kwa mapafu wakati wewe ulikuwa unatibu tumbo.

Upande wa chakula, joto la ndani linatoka kwenye nyasi, si kwenye nafaka. Nyasi ngumu huchachuka polepole katika utumbo mpana na kutoa joto kwa saa nyingi. Punda wa kilo 150 apate kilo 2.5 hadi 3 za nyasi kavu kwa siku. Mabua ya ngano au shayiri yanamfaa sana, na wakulima wa ngano wa Uporoto na Makete huyachoma bure. Farasi wa kilo 450 apate kilo 9 hivi. Ambaye hajaotesha manyoya huanza kutumia chakula cha ziada kujipasha joto pale hewa inaposhuka chini ya nyuzi 5, na kila nyuzi moja chini ya hapo inadai nyongeza ya asilimia 2 ya nyasi. Usiku wa nyuzi 2 chini ya sifuri ni pengo la nyuzi 7, yaani asilimia 14, kilo moja na robo. Nyongeza hiyo itolewe jioni ili ichachuke alfajiri, baridi inapokuwa kali zaidi. Na msimpime mnyama kwa macho, manyoya ya kipupwe huficha ukondefu. Bonyeza mbavu kwa vidole kila wiki. Ukizihisi kwa kubonyeza kidogo, yuko sawa; zikikukwaruza kama ubao wa kufulia, umeshachelewa.

Nafaka yenyewe inanitia hofu kuliko sakitu. Mahindi yetu yanavunwa wakati huohuo wa ukungu, na yale yaliyooza huchambuliwa: mazuri yanakwenda ghalani, mabovu anapewa punda. Kuvu wa rangi ya waridi au nyeupe anayeota kwenye gunzi hutoa sumu inayoyeyusha ubongo wa punda na farasi. Ng'ombe anaweza kula mahindi hayohayo asionyeshe lolote, ndiyo maana watu hawaamini. Baada ya siku kadhaa au wiki chache mnyama anapoteza uoni, anazunguka mahali pamoja, anasukuma ukuta kwa kipaji cha uso, midomo inalegea, hamezi. Wengi hufa ndani ya siku tatu, na tiba haipo. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Pumba hubeba sumu nyingi kuliko unga, kwa kuwa kuvu hukaa kwenye ganda. Kwa hiyo mahindi mliyoyakataa ninyi, punda naye asiyaone. Kabla ya kuhifadhi, jaribuni kwa chumvi: chupa kavu ya kioo, ijaze punje hadi theluthi, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisheni turubaini.

Mnyama mwenye njaa hula asichokula kwa kawaida. Angalieni kangaga kandokando ya misitu. Akila siku nyingi mfululizo humfanya ayumbe na kutetemeka. Na Njombe mnaopogoa miparachichi, majani yake yana sumu kwa punda na farasi: kichwa kinavimba, moyo unadhoofika. Matawi yasitupwe zizini hata siku moja.

Kwa wanyama wa kazi wa Umalila na Uporoto: punda wa kilo 150 abebe kilo 50. Lumbesa ya viazi, gunia lililojazwa kupita kiasi, haipandishwi juu ya punda, iwe baridi au jua. Akifika, mfungulie matandiko palipo na kinga, msugue kwa nyasi kavu au gunia kavu, kinyume cha ulalo wa manyoya, hadi vidole vyako vikifika kwenye ngozi visipate unyevu. Makwapa na chini ya tumbo husahauliwa, na ndipo maji yanapokusanyika. Blanketi hufunikwa juu ya mnyama mkavu tu, na kila siku livuliwe litazamwe. Turubai la nailoni likilazwa moja kwa moja mgongoni, jasho linakosa njia, na baada ya siku chache manyoya yanatoka na magamba yake, kidonda kikiwa chini. Kwato zichokonolewe kila jioni. Weusi wenye harufu mbaya ni kuoza kunakoletwa na sakafu yenye majimaji. Kipupwe kina neema moja kwa wenye farasi: usubi wanaoeneza homa ya farasi hupungua sana sakitu ikianguka, ingawa mabondeni kwenye joto bado wapo.

Mtoto wa punda au farasi akizaliwa Juni au Julai, mkausheni kwa matambara mara moja. Asimame ndani ya saa moja, anyonye ndani ya saa mbili, kondo litoke ndani ya saa tatu. Mojawapo likipita muda, mpigie simu bwana mifugo.

Mkimkuta mnyama amelala, anatetemeka au ameacha kutetemeka, masikio baridi, mpimeni joto njia ya haja kubwa. Farasi mzima huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, punda 36.5 hadi 37.8. Chini ya nyuzi 36, mtoeni kwenye upepo, mkausheni, mviringisheni blanketi kavu, wekeni chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa makwapani na kwenye mapaja. Mpeni maji ya uvuguvugu ikiwa anameza mwenyewe. Msimburute kwa kamba wala kumwashia moto karibu. Na mnapompigia bwana mifugo wa kata, mwambieni joto mlilopima, lini alikula na kunywa mara ya mwisho, kinyesi cha mwisho kilikuwaje, na kama alipewa mahindi au pumba mpya wiki hizi, ili aje na dawa sahihi kwenye begi badala ya kurudi mjini kuifuata.