Daftari la Getini

MWANAISHA: Karibuni tena. Kahindi leo kaja na uso mzito. Ni lile la Jumanne?

KAHINDI: Ni lilo hilo. Nilimsindikiza mtu kwenye mkutano wake wa kwanza wa AA, Alcoholics Anonymous, kundi la watu wanaosaidiana kuacha pombe, hapa Mombasa. Simtaji, na msimtafute. Kufika getini, askari akafungua daftari la wageni: jina, nambari ya kitambulisho, simu, unamwona nani, sababu ya ziara. Mwenzangu akashika kalamu, akaitazama ile safu ya mwisho, akailaza kalamu juu ya daftari. Akageuka, akashika njia ya stejini.

MWANAISHA: Masikini. Na huko ndani hakuna anayeandikisha mtu.

KAHINDI: Ndilo linaloniuma. AA ilianza Akron, Marekani, mwaka 1935, na sharti lake ni moja tu: uwe na nia ya kuacha pombe. Ada hakuna. Jina la kwanza latosha. Lakini chumba ni cha kuazima au kukodi, na geti ni la mwenye jengo.

MWANAISHA: Tulipanga mambo matano leo, na geti halimo.

KAHINDI: Dada, tulimalize kwanza. Kwenye safu ya sababu, andika "mkutano". Neno moja, na ni kweli tupu.

MWANAISHA: Akiuliza mkutano wa nini?

KAHINDI: "Wa saa kumi na mbili na nusu jioni, ukumbi wa nyuma." Askari anataka kujua unaelekea mlango gani, hana haja na siri yako. Bora zaidi, mpigie mtu wa kundi mapema: "Mimi ni mgeni, nitafika robo saa kabla, naomba unipokee getini." Ombi hilo wamelizoea, kila mmoja wao aliwahi kuwa mgeni.

MWANAISHA: Huyo wa kundi atampataje? Hilo ndilo lilikuwa jambo letu la kwanza.

KAHINDI: Kenya, piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, bure, mchana na usiku. Waulize kuhusu matibabu na vikundi. Mwenye intaneti atafute kwenye tovuti ya AA au programu ya simu ya Meeting Guide. Ila orodha huchakaa: kundi limehama, siku imebadilika, hakuna aliyesahihisha. Usipande matatu kwa kuamini orodha. Piga simu.

MWANAISHA: Na saa! Imeandikwa 6:30 PM, mtu anampasha mwenzake "saa sita na nusu". Anafika jua la utosi, mlango una kufuli, anaamini kundi limekufa. Sema saa kumi na mbili na nusu jioni, urudie.

KAHINDI: Uliza pia kama ni mkutano wa wazi au wa ndani. Wa wazi, hata mke au ndugu huingia. Wa ndani ni wa wenye kutaka kuacha pekee. Mtu huenda na dadake, dada akazuiwa mlangoni, wote wawili wakarudi nyumbani. Mkutano wenyewe ni kama saa moja, au saa moja na nusu. Kikapu kikipita, mgeni halazimiki kutia kitu. Zamu ya kusema ikikufikia, sema "napita".

MWANAISHA: Ila mimi ningemwambia aende mbali na kwao. Anakaa Likoni, avuke kisiwani. Kwa miguu kivuko ni bure, na huko hamkuti jirani akimsoma kwenye daftari.

KAHINDI: Hapana. Karibu. Saa za jioni pale feri watu ni wengi, anachelewa, anaona haya kuingia wenzake wameshaanza, anarudi. Na njiani mangwe, vilabu vya mnazi, ni ngapi? Mkutano wa kutembea dakika kumi ataurudia kesho.

MWANAISHA: Wa karibu hataingia hata mara moja! Mtu wako aliangushwa na safu ya daftari. Je, kama anayefuata kwenye foleni ni shemeji yake?

KAHINDI: Shemeji amemwona akiyumba miaka yote. Aibu ya kuonekana akitafuta dawa ni ipi?

MWANAISHA: Ni kubwa kuliko ile, kakangu. Ulevi watu wameuzoea.

KAHINDI: Sikubali.

MWANAISHA: Nami sibanduki.

KAHINDI: Dakika mbili zimebaki. Hayo mengine tuyaache, ila hili siliachi: mwenye kunywa kila siku, anayezimua asubuhi ndipo mikono itulie, asikate pombe ghafla peke yake nyumbani eti aende mkutanoni akiwa safi. Kutetemeka na jasho huanza kati ya saa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho. Degedege laweza kuja ndani ya siku mbili, na kuweweseka siku ya pili hadi ya nne. Hiyo huua. Kwanza hospitali, daktari ampe dawa za kumshusha polepole. Kundi halitibu arosto, yale mateso ya kukata pombe.

MWANAISHA: Na mkutanoni asisubiri awe safi. Aende hata kama jana alikunywa.

KAHINDI: Naam. Jamaa zake nao wana vikao vyao, Al-Anon, hatujavigusa.

MWANAISHA: Wiki ijayo. Mwenye mkutano leo, getini ni "mkutano".

KAHINDI: Na uwe wa karibu.

MWANAISHA: Ng'ambo, kakangu. Ng'ambo.