Nywele za Rais, Tumbo la Nondo

Habari za jioni. Nondo ninayemzungumzia si ile ya kufumia zege. Ni huyu anayezunguka taa usiku, ukimshika anakuachia unga vidoleni. Unga ule ni magamba, na kisa cha leo kinaanzia kwenye magamba ya kichwani.

Januari 2017, siku chache kabla Donald Trump hajaapishwa, mtafiti wa Kanada aitwaye Vazrick Nazari alichapisha katika jarida la ZooKeys maelezo ya spishi mpya: Neopalpa donaldtrumpi. Kichwa chake kina magamba ya manjano yaliyopauka, na Nazari aliona yanafanana na nywele za mheshimiwa. Dunia ikacheka. Nazari mwenyewe alitaka watu wayatazame makazi ya mdudu huyu, kusini mwa California na Baja California ya Meksiko, ambako miji inazidi kumeza nyika. Kwa maoni yangu alifanikiwa nusu: jina watu wanalikumbuka, nyika wameisahau.

Lakini nywele hazitoshi kutangaza spishi. Jenasi ya Neopalpa, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ilianzishwa mwaka 1998 na mtaalamu wa wadudu Povolný, na kwa karibu miaka 20 nyumba hiyo ilikuwa na mkaazi mmoja tu, Neopalpa neonata. Nazari alikuwa akipitia vielelezo vya makumbusho, vikiwemo vya Bohart Museum ya California, akakuta wadudu wasiolingana na huyo. Mabawa yao ya mbele yana rangi kati ya chungwa na manjano, na alama za kahawia. Hata hivyo rangi hudanganya. Nondo akizeeka magamba hupukutika, akabaki kama kanzu iliyofuliwa mara mia.

Kwa hiyo tunashuka tumboni. Unalikata tumbo la mdudu ambaye mabawa yake yakitandazwa ni kama sentimita moja tu, unaliloweka kwenye maji ya moto ya potasi kali hadi nyama iyeyuke, kisha chini ya hadubini unaondoa mabaki kwa brashi nyembamba. Ukikohoa tu, kazi ya asubuhi nzima imepeperuka. Kinachobaki ni sehemu ngumu za viungo vya uzazi, na hapo ndipo ndugu hawa wawili wanapoachana: vya dume wa donaldtrumpi ni vidogo kuliko vya neonata. (Ndiyo, chekeni, hata magazeti yalicheka.) Vinasaba navyo vilitoa ushahidi uleule.

Herufi ile ya mwisho, i, inaonyesha kuwa jina ni la heshima kwa mwanamume mmoja. Angekuwa mwanamke, ingekuwa ae.

Mkulima wa nyanya ataniuliza yanamhusu nini. Kantangaze, aliyeingia Tanzania miaka ya 2010 na kuchimba majani na matunda ya nyanya, ni nondo wa familia moja na Neopalpa, Gelechiidae. Nondo wa viazi naye yumo. Wakishakomaa, wote wawili ni wadogo, wa kijivujivu, na mara nyingi kuwatenganisha kwa uhakika kunadai kazi ileile ya tumbo na hadubini.

Basi mkinasa mmoja, mleteni ndani ya kiberiti, amekauka. Msimbane katikati ya daftari kama ua. Wengi huniletea hivyo, mabawa yamenyooka vizuri kabisa, na tumbo limepasuka.