Kwa nini upepo ni sumu kwenye breki za Noah lakini ndio uhai wa Scania

Habari zenu wadau, karibuni tena gereji, hapa Pasua, Moshi. Leo mlima umejifunika mawingu, hakuna mandhari ya kuwaonyesha, kwa hiyo twende kazini. Video iliyopita nilisema upepo ukiingia kwenye breki za gari dogo, umeisha. Mtazamaji mmoja akanibana: "Fundi, mbona malori yanasimama kwa upepo huohuo?" Swali hilo linaizidi video yenyewe. Leo tunalijibu kwa vitendo.

Nenda duka la dawa, nunua mabomba mawili ya sindano, la mililita 5 na la mililita 20. Sindano zenyewe hatuzihitaji. Tafuta na kipande cha mpira wa dripu. Jaza maji kote, unganisha, usiache kipovu hata kimoja. Sasa sukuma lile dogo. Umeona kubwa linavyotoka? Dogo limekwenda safari ndefu, kubwa limesogea kidogo tu, ila mwambie mwenzako alizuie kwa kidole uone kama ataliweza. Maji hayabonyei. Nguvu uliyoweka huku inafika kule, tena imeongezeka. Bomba dogo ndiyo masta silinda iliyo mbele ya pedali yako, na kubwa ndiyo pistoni iliyoko kwenye tairi.

Haya, ingiza kipovu cha hewa humo kwenye mpira. Mwenzako alishikilie lile kubwa. Sukuma tena. Dogo linaingia, kubwa limetulia tu. Nguvu yako imeishia kubana hewa. Dereva anayesema "fundi, breki inabonyea kama godoro" ana kipovu cha namna hii mahali fulani.

Sasa gari. Hii Noah ina diski mbele na ngoma nyuma. Kabla ya jeki, weka mawe kwenye tairi zinazobaki chini, na ukishanyanyua weka stendi. Jeki peke yake usiiamini, hata kama ni mpya.

Tumetoa tairi ya mbele. Hii sahani ya chuma inayozunguka na tairi ndiyo diski. Hii iliyoikumbatia kama koleo ni kalipa, na ndani yake kuna pedi mbili. Ukikanyaga, mafuta ya breki yanasukuma pistoni, pedi zinaibana diski huku na huku. Diski iko wazi, inapigwa na upepo wa barabarani, joto linatoka haraka. Kamera isogee hapa: pedi hii imebaki kama milimita 3. Badilisha, usisubiri ikwaruze chuma. Na kumbuka jambo moja. Pedi zikiisha, pistoni inasogea mbele na mafuta yanashuka kwenye kikopo chake kilicho juu ya masta silinda. Wengi wanaongeza mafuta tu na kuondoka, kumbe kikopo kilikuwa kinawaambia wakague pedi.

Nyuma tunatoa ngoma. Usipulize vumbi hili kwa kompresa, pedi na breki shuu za zamani zilikuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake linadhuru mapafu, na hujui gari lilifungwa nini. Lowanisha kwa maji, futa. Ndani unaona breki shuu mbili zilizopinda kama mwezi, na wili silinda inayozisukuma nje zikaikamate ngoma kwa ndani. Watu wanaidharau ngoma, mimi hapana. Mzunguko wa ngoma unaivuta breki shuu ya mbele iume zaidi, kwa hiyo inasaidia kujikaza yenyewe. Na waya wa hendibreki unaingia humuhumu bila kupita kwenye mafuta, ndiyo maana mafuta yakivuja yote bado hendibreki inaweza kukusaidia. Tatizo la ngoma ni kwamba joto limefungiwa ndani. Boda nyingi nazo zina ngoma nyuma, inavutwa na fimbo ya chuma, hakuna mafuta kabisa.

Joto ndilo jambo lenyewe. Breki zote hugeuza mwendo kuwa moto. Ukiwa kilomita 80 kwa saa, moto unaotakiwa kumalizwa ni mara nne ya ule wa kilomita 40, wala si mara mbili. Miaka ya nyuma niliteremka na pikapu ya ndizi kutoka Marangu kuja Himo, gia ya juu, mguu juu ya breki njia nzima. Katikati ya mteremko pedali ikazama mpaka chini. Hakuna kilichovuja. Mafuta yalichemka, yakatoa mvuke, na mvuke ni kile kipovu chetu cha kwenye mpira wa dripu. Niliokolewa na gia ndogo na hendibreki, na mkungu mmoja ulibaki barabarani.

Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Lakini yananyonya unyevu wa hewa, na yakishajaa maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 hivi. Badilisha kila miaka miwili. Oili ya injini usithubutu kuweka humo, inavimbisha raba zote.

Sasa jibu la yule mtazamaji. Tumehamia kwenye Scania ya jirani. Kompresa inayoendeshwa na injini inajaza matenki haya mpaka mgandamizo wa kama pau 8. Noah inategemea nguvu ya mguu wako na busta, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu, kwa hiyo kipovu kimoja kinaimeza. Huku mguu hausukumi breki, unafungua vali tu, na upepo uliokwisha kubanwa tenkini ndio unaokwenda kufanya kazi. Tena kompresa inaendelea kujaza.

Angalia chemba hii ya breki ya nyuma, kopo la chuma linalopokea upepo. Ndani kuna springi nene sana, na upepo ndio unaoizuia isifunge breki. Upepo ukiisha, springi inafunga yenyewe. Ule mlio wa "pshiii" dereva anapopaki ni upepo unaachiwa, springi inabana. Ndiyo maana lori lililoishiwa upepo haliwezi hata kuvutwa. Chemba hiyo usiifungue kama hujafundishwa, springi hiyo inaua mtu. Na kwenye mteremko hata Scania inachemsha ngoma zake, dereva mzoefu anashika gia ndogo na kuwasha egzosti breki mapema, ile inayoziba njia ya moshi ili injini yenyewe ipunguze mwendo.

Turudi kwenye Noah, tutoe upepo. Jaza kikopo. Anza na tairi iliyo mbali zaidi na masta silinda. Chomeka mpira kwenye nati ya kutolea upepo, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mtu wa ndani akanyage mara tatu, ashikilie. Wewe fungua, funga, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, umevuta hewa upya.

Dogo, kanyaga. Shikilia. Nafungua... nimefunga, achia. Mmekiona hicho kidogo kinapanda kwenye mpira? Bado kipo. Dogo, tena.