Omba karatasi, usiombe sababu

Haya jamani tukae, shikamooni wakubwa, na nyie machalii wa nyuma sogeeni mbele viti bado vipo. Mada yetu ni nyaraka za ofisi za serikali zinazogawa hela za sanaa, najua nikisema nyaraka kuna mtu ameshaanza kusinzia, ila ngojeni kwanza, maana humu ndani kuna wachongaji, watu wa batiki, wa ngoma, wa hip hop, na karibu kila mmoja ana stori yake ya kujaza fomu ya ruzuku mahali akapigwa chini na hakuambiwa tatizo lilikuwa wapi.

Mimi nachosema ni hiki, acheni kuuliza sababu. Ukiuliza sababu utajibiwa ushindani ulikuwa mkubwa, tunakutakia kila la heri, basi umeisha. Omba karatasi.

Nachukua mfano wa Marekani kwa sababu kule hili jambo lina miaka mingi. Wana shirika la serikali linaitwa National Endowment for the Arts, limeanzishwa 1965, linatoa ruzuku kwa vikundi vya sanaa kwa hela ya walipa kodi. Mwaka uliofuata, 1966, Rais Lyndon Johnson akasaini sheria ya uhuru wa taarifa, na hakuifanyia hata sherehe, maana hakuwa na hamu nayo kabisa. Sasa sheria ile inasema mtu yeyote anaweza kuomba rekodi za ofisi ya serikali, mtu yeyote, haijasema raia, yaani wewe hapo Kijenge, Arusha, na simu yako na bando la buku unaweza kuwaandikia Washington na wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 20 za kazi. Wanachelewa, tusidanganyane. Lakini haki unayo.

Wengi wanakwama hapa: sheria inakupa karatasi ambayo tayari ipo, ofisi hailazimiki kukutungia ripoti mpya wala kujibu maswali yako. Kwa hiyo ukiandika "naomba kujua mnachaguaje washindi" umejichelewesha mwenyewe, lakini ukiandika "naomba kopi ya maombi ya kikundi fulani yaliyopata ruzuku mwaka fulani, pamoja na bajeti yake na ripoti ya mwisho", hapo umewabana, kitu chenyewe kiko kwenye faili, wakitafute. Jina la kikundi unalitoa wapi? Kwenye tovuti yao kuna sehemu ya kutafutia ruzuku walizotoa tangu 1998, inakuonyesha nani kapewa, mji gani, dola ngapi, za kazi gani. Unaanzia hapo hapo. Na kama huombi kwa ajili ya biashara, masaa mawili ya kwanza ya kutafuta na kurasa 100 za kwanza hulipi, halafu weka na mstari kwenye barua kwamba gharama ikizidi kiasi fulani wakuulize kwanza.

Sio kwamba mtapata ile hela, ile ni ya kwao. Faida iko kwenye kusoma. Ruzuku zao nyingi zinataka kikundi kiweke dola moja kwa kila dola wanayopewa, kwa hiyo bajeti ya mshindi inakuonyesha ile nusu nyingine imetoka wapi, kiingilio mlangoni, mchango wa mfadhili, mpaka muda wa watu waliojitolea umepigiwa thamani ya hela ukaandikwa. Sisi tunaandika "mavazi, laki tano", mstari mmoja, tumemaliza, halafu tunashangaa.

Faili likija usishtuke ukikuta limepakwa weusi. Pembeni kuna alama ya kifungu cha sheria kilichotumika kuficha, b6 ni mambo binafsi ya mtu kama anwani ya nyumbani, sawa tu, b4 ni siri za biashara. b5 ndio inanikera mimi, inafunika mashauriano ya ndani ya ofisi, na utamu wote si ndio uko humo! Unakata rufaa, siku zako ni 90.

Utamu gani? Mwaka 1990 jopo la wataalamu liliwapendekeza wasanii wanne wa jukwaani wapewe ruzuku, Karen Finley akiwa mmoja wao, mwenyekiti wa shirika John Frohnmayer akawakata. Wakaenda mahakamani, ikafika mpaka Mahakama ya Juu, na 1998 wasanii wakashindwa kwenye hoja ya kile kifungu cha maadili kilichowekwa na Bunge lao, kinachotaka shirika lizingatie staha linapogawa ruzuku, majaji 8 kwa 1. Lakini oneni, jopo lilisema hivi, bosi akasema vile. Bila karatasi msanii anajua tu kwamba kakosa, hajui kakatwa na nani.

Turudi nyumbani Tanzania. Katiba yetu ibara ya 18 inataja haki ya kupata taarifa, na tangu 2016 tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, yetu ni ya raia tu, na ofisi ina siku 30. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ni chombo cha umma, kimeundwa kwa sheria ya 1984, na kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii. Wewe ni raia, unaandika. Na wana Chuga, watu wa Arusha, msiniambie nyaraka ni mambo ya Dar na Dodoma, hapo Lakilaki kuna jengo zima linatunza kumbukumbu za ile mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, sisi ndio tunapita barabarani tu hatujui.

Dada hapo katikati anauliza wakikaa kimya je. Swali zuri, na ndio maana barua unatoa kopi mbili, unapeleka masjala, moja inabaki kwao na moja inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, hiyo usimwachie mtu. Siku 30 zinahesabiwa kutoka pale. Zikipita unamwandikia mkuu wa taasisi, unaambatanisha ile kopi yenye mhuri, na unaendelea kutaja karatasi ile ile uliyoiomba mwanzo, usiibadilishe. Mwingine?