Kuchaji gari la umeme bila waya: wapi inalipa na wapi ni mbwembwe

Haya jamani tuanze, wa nyuma wanaoingia kaeni tu mimi naendelea.

Niseme mapema msimamo wangu ili mkinibishia mnibishie vizuri: kuchaji bila waya kwa gari la mtu binafsi nyumbani kwake, kwa sasa naiona mbwembwe, ila kwa basi inalipa.

Inafanyaje kazi? Faraday mwaka 1831 alishaonyesha kwamba sumaku ikibadilika karibu na waya uliozungushwa, umeme unatokea kwenye huo waya bila kuguswa. Basi sakafuni unaweka koili, yaani huo waya uliozungushwa, chini ya gari unafunga koili nyingine, ile ya sakafuni unaipa umeme unaopiga mizunguko kama elfu 85 kwa sekunde, ya juu inadaka ile sumaku na kuirudisha kuwa umeme, unaenda kwenye betri. Mwenye jiko la induksheni kwake anao mtambo huohuo jikoni, tofauti ni kwamba jiko linataka sufuria ipate moto na sisi hatutaki chochote kipate moto.

Na hapo ndo kazi ilipo. Kati ya koili kuna hewa, sentimita 10 mpaka 25 hivi kutegemea gari limeinuka kiasi gani, halafu dereva hapaki sawasawa, leo kaegemea kushoto kesho kulia. Kwa hiyo wanaweka kapasita, vile vifaa vinavyotunza umeme kwa muda mfupi tu, ili koili zote mbili ziitikie masafa yaleyale, yaani ile idadi ya mizunguko kwa sekunde, na waya wenyewe si mmoja mnene, ni nyuzi nyembamba kibao zimesukwa pamoja kila moja imepakwa vanishi yake, kwa sababu umeme ukienda kwa masafa makubwa unakimbilia pembeni ya waya na katikati inabaki bure tu. Nyuma ya koili kuna vigae vya feraiti, aina ya kauri inayovuta sumaku, vya kuielekeza sumaku isiende kupasha bodi la gari.

Kila nikiongea hii mada lazima mtu aulize paka. Swali zuri, paka anapenda kulala chini ya gari. Mtambo lazima umtambue ujizime, na lazima utambue hata kizibo cha soda, maana chuma kikikaa hapo katikati kinaungua kweli.

Sasa gharama yote hiyo kwa faida gani? BMW walishaitoa 2018 kwenye 530e: kilowati 3.2, masaa matatu na nusu, tena hiyo ni betri ndogo ya haibridi, gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme. Kiwango cha SAE J2954 cha 2020, yaani kanuni za wahandisi wa magari za kuchaji bila waya, kinaishia kilowati 11. Yaani yote hayo ili mtu asiiname kuchomeka plagi, na njiani umeme kidogo unapotea. Najua maabara ya Oak Ridge Marekani 2024 walipitisha kilowati 100 kwenye gari dogo, asilimia 96 ikafika, nawavulia kofia, ila hiyo ni maabara.

Twende Gumi, Korea Kusini. 2013 wale jamaa wa KAIST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hukohuko Korea, waliweka mabasi mawili kwenye ruti ya kilomita 24, nyaya zimefukiwa chini ya lami, basi linachajiwa likiwa limesimama na likiwa linatembea, kilowati 100, pengo sentimita 17, asilimia 85 inafika. Na hawakuchimba barabara yote! Walisema asilimia 5 mpaka 15 tu inatosha, na kipande kinawaka pale basi linapopita juu yake, likishapita kinazima. Sasa sikilizeni hapa ndo kuna utamu: betri ya hilo basi ilikuwa kama theluthi ya kawaida. Betri ndo pesa, betri ndo uzito, ukichaji kidogokidogo njiani huna haja ya kubeba mzigo wote tangu asubuhi. Detroit nao Novemba 2023 walifungua kipande cha kama mita 400 pale mtaa wa 14th, ila huo bado ni mtaa wa majaribio.

Dada pale kauliza bodaboda. Hapana, pikipiki betri inabadilishwa, kampuni ya Ampersand wanafanya hivyo Kigali na Nairobi, unatoa iliyoisha unaweka iliyojaa unasepa, koili haishindani na hilo. Ningeangalia daladala. Daladala inakaa stendi inasubiri ijae, tuseme dakika 20, ukiipa kilowati 50 hizo ni yuniti 16 na ushee, kwa basi dogo inasogeza ruti vizuri tu. Shida ni foleni, magari yanasogea kila moja likijaa, kwa hiyo koili usiisambaze stendi nzima, weka ile nafasi ya mbele wanapopakia na ya pili yake, halafu mwambie mpiga debe asiruhusu mtu kupaki upande.