Barua Moja, Watu Watano

MAMA ZAWADI: Karibuni sana wasikilizaji wetu. Mimi ni Mama Zawadi, na hapa pembeni yupo Baba Zawadi. Tuko sebuleni kwetu Ilazo, Dodoma, watoto wadogo wameshalala. Leo hatuna mgeni. Wengi mmetuuliza mwaka huu ulivyokwenda tangu tuhame Dar, basi tumeona tuwasimulie wenyewe.

BABA ZAWADI: Asante, mke wangu. Mimi ni mhasibu serikalini. Barua ya uhamisho niliipata katikati ya 2024, ikinitaka niripoti Mtumba, kwenye Mji wa Serikali hapa Dodoma, mwezi wa saba. Habari za serikali kuhamia Dodoma si mpya. Uamuzi ni wa mwaka 1973, na 2016 ndipo ilipotangazwa kwamba sasa tunahama kweli. Wenzangu wengi walitangulia. Sisi zamu yetu ilichelewa, tukawa tumeshazoea kuisubiri.

MAMA ZAWADI: Ila barua ile ina jina moja. Jina lako, cheo chako, cheki namba yako. Hakuna mahali palipoandikwa mimi, fundi cherehani wa Tabata kule Dar, mwenye wateja niliowakusanya kwa miaka. Hakuna palipoandikwa mtoto wa kidato cha nne, wala wa darasa la nne, wala wa la tatu. Na wote tulihama kwa barua hiyohiyo. Ndiyo maana nilitaka tulizungumze hili hewani, kwa sababu najua kuna kina mama wanaonisikiliza ambao waume zao wameshapewa barua.

BABA ZAWADI: Na kina baba pia, wako ambao mke ndiye anayehamishwa.

MAMA ZAWADI: Kweli kabisa, na hao hawasemwi. Haya, waambie kwa nini hatukuhama wote Julai.

BABA ZAWADI: Shule. Zawadi alikuwa anamaliza kidato cha nne, mtihani wa taifa Novemba. Wa pili alikuwa darasa la nne, na darasa la nne wana upimaji wa kitaifa mwezi wa kumi. Mtoto akishasajiliwa kwa mtihani katika shule fulani, kumtoa katikati ya mwaka ni kumtafutia mashaka. Kwa hiyo nikaja peke yangu, nikapanga chumba na sebule, familia ikabaki Tabata.

MAMA ZAWADI: Miezi ile sita sitaki tuipambe. Ilikuwa migumu. Unaamka alfajiri unaandaa watoto, unakwenda kwenye fremu, unarudi, kuna kazi za shule za watoto, na mwenzio yuko kwenye simu anamwelekeza mtoto hesabu huku mtandao unakatika.

BABA ZAWADI: Treni ndiyo iliyotuokoa. Safari za reli ya kisasa hadi Dodoma zilianza tarehe 25 Julai 2024, mwezi uleule nilioripoti. Kwa basi nilikuwa naweza kupoteza siku nzima njiani. Kwa treni ni mwendo wa saa nne hivi. Nauli daraja la kawaida shilingi 31,000.

MAMA ZAWADI: Kwenda na kurudi 62,000. Ukija kila wiki, mwezi ni 248,000. Tulipiga hesabu hiyo mezani, tukaona haibebeki, hasa ukizingatia kodi ya nyumba mbili. Tukakubaliana aje wiki moja, nyingine asije. Na stahiki za uhamisho zilichelewa, hilo tuliseme tu. Tulianza kwa akiba yetu.

BABA ZAWADI: Na kwa kikoba chako. Nataka hilo wasikilizaji walijue.

MAMA ZAWADI: Ndiyo, nilikopa kwenye kikoba. Na kikoba nacho kilitupangia tarehe ya kuhama, ujue. Kikundi chetu cha Tabata huvunja Desemba, yaani tunagawana akiba na faida. Ukitoka katikati ya mwaka unawavurugia wenzio hesabu, na wewe mwenyewe hupati faida ya hisa zako. Nikamwambia mume wangu, mimi siondoki kabla kikoba hakijavunjwa. Tukavunja, nikalipa deni, nikachukua changu, wiki iliyofuata tukapakia fuso.

BABA ZAWADI: Sasa wasimulie kuhusu kazi, maana hapo ndipo penye uzito.

MAMA ZAWADI: Kazi. Mtumishi akihama, mshahara unamfuata. Akifika Mtumba anakuta meza, kiti na wenzake wa ofisini. Fundi akihama, mteja hamfuati. Ushonaji ni kuaminiana. Mtu anakuachia kitenge cha harusi ya mdogo wake kwa sababu ulimshonea ya send-off ikamkaa vizuri. Kipimo chake unacho kwenye daftari. Anajua hutamla siku. Hayo yote yako Tabata. Nimefika hapa Januari, cherehani mbili, ovaloki moja, na simjui hata jirani.

BABA ZAWADI: Na kodi za fremu za hapa zimepanda.

MAMA ZAWADI: Zimepanda, na wanataka ya miezi sita kwa mkupuo, na pengine kilemba juu yake. Sikuchukua fremu. Nilianzia barazani. Jambo lililonisaidia ni kwamba Januari ni msimu wa sare za shule. Familia nyingi za hapa mtaani nazo ni wageni, wamehamishwa kama sisi, na mtoto akihamia shule mpya anahitaji sketi ya rangi nyingine na sweta jipya. Nikashona sare za wanangu kwanza, wakavaa. Mama mmoja akauliza getini, nani kashona hii? Ikaanzia hapo.

BABA ZAWADI: Na fremu ya Tabata hukuifunga.

MAMA ZAWADI: Sikuifunga. Yupo binti niliyemfundisha mwenyewe tangu hajui kupitisha uzi kwenye sindano. Nimemwachia, tunagawana. Kazi ngumu, zile za kukata gauni la bibi harusi, ananitumia kitambaa kwa basi, nakata huku, namrudishia amalizie. Kwa miezi minne ya mwanzo kipato changu kilishuka chini ya nusu. Nasema wazi ili mwenye barua mkononi akae na mwenzake wapange kwa hesabu hiyo. Msidhani mtafika leo kesho biashara iko palepale. Wekeni pembeni matumizi ya miezi kadhaa ya yule ambaye jina lake halimo kwenye barua.

BABA ZAWADI: Mimi nililiona hilo baada ya kufika. Dar nilikuwa naondoka gizani narudi saa mbili usiku, saa tatu, kwa sababu ya foleni. Sikuwa naona cherehani inavyolisha nyumba. Hapa Mtumba ni kilomita kumi na kitu kutoka mjini, basi la watumishi linanirudisha mapema. Nafika nyumbani jua bado lipo. Nakuta mke wangu bado anashona, basi nashika jiko. Mambo ya kupika sasa yako kwangu siku za kazi.

MAMA ZAWADI: Na anapika vizuri, Mungu ambariki. Watoto wamejifunza kula mlenda kwa mkono wake. Jirani yetu Mgogo ndiye aliyemfundisha kuupika, ugali wa uwele pembeni. Mdogo wetu alikuwa hataki hata kuuona, siku hizi anaongeza.

BABA ZAWADI: Turudi shule, kuna jambo wazazi wengi hawajalipigia hesabu. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, ukaanza na darasa la kwanza na la tatu. Elimu ya msingi sasa ni miaka sita. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa la tatu mwaka ule, kwa hiyo yumo kwenye mtaala mpya, anamaliza darasa la sita mwaka 2027. Kaka yake alikuwa la nne, amebaki mtaala wa zamani, anamaliza la saba. Mwaka gani?

MAMA ZAWADI: 2027 hiyohiyo.

BABA ZAWADI: Umeona? Wamepishana darasa moja, watamaliza pamoja, na Januari 2028 wanaingia kidato cha kwanza siku moja. Ni nchi nzima, madarasa mawili yanatoka kwa mkupuo.

MAMA ZAWADI: Na vitabu havirithiki tena. Kaka mtu alisoma Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili. Mdogo ana Jiografia na Mazingira, na Historia ya Tanzania na Maadili. Vile vitabu nilivyovitunza kwa kuvifunga gazeti, nimewapa watoto wa jirani walioko madarasa ya juu. Na jioni mezani wanashindwa kusaidiana kama zamani, mkubwa anamwangalia mdogo anamwambia hii mimi sijasoma.

BABA ZAWADI: Hilo linamuumiza mkubwa, ameniambia. Alipenda kuwa mwalimu wa mdogo wake.

MAMA ZAWADI: Tumemtafutia njia, anamsomesha hisabati, hesabu ni hesabu. Halafu kuhusu kuhamisha wanafunzi: wazazi, msiridhike na barua ya mwalimu mkuu peke yake. Hakikisheni mtoto amehamishwa kwenye PReM, ule mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi, na namba yake imeonekana shule mpya. Sisi mmoja jina lilibaki Dar kwa wiki kadhaa. Mtoto anakaa darasani, lakini kwenye mfumo yuko shule nyingine. Ukiliacha mpaka wakati wa usajili wa upimaji, utalia.

BABA ZAWADI: Kuhusu nyumba nisiwachoshe. Maji hapa yanatoka kwa mgao, nunua tanki kabla ya kununua sofa. Mwezi wa sita na wa saba usiku kuna baridi, mtu wa Dar haamini mpaka ailale. Ukavu unapasua midomo, watoto walitokwa damu puani wiki za mwanzo tukaogopa sana, daktari akatutuliza. Zabibu ziko kwa msimu, na msimu ukifika ni raha.

MAMA ZAWADI: Bibi yao, mama yake Baba Zawadi, hatukuja naye. Alikuwa anakaa nasi Tabata. Alisema baridi haiwezi, na kliniki yake ya presha iko Dar. Amehamia kwa wifi yangu. Naomba niseme ukweli, hili ndilo linalonikaa moyoni kuliko biashara. Wanangu wamekua wakilala chumba kimoja na bibi yao. Sasa wanaongea naye Jumapili kwenye simu, na yeye kusikia kumepungua.

BABA ZAWADI: Likizo zote wanakwenda. Watoto wa miaka minne hadi kumi na miwili wanalipa nusu nauli, kwa hiyo tunaweza. Hilo tumeshaliamua, si la kujadili tena.

MAMA ZAWADI: Na Zawadi mwenyewe, mnamuulizia. Matokeo yalitoka Januari, amefaulu vizuri, tunamshukuru Mungu. Kuanzia Januari hadi Juni alikuwa nami barazani, anashona vifungo na kuandika daftari la madeni. Nilimfaidi mwanangu. Wakati mwingine wowote angekuwa shule, lakini miezi ile niliyokuwa mgeni hapa, nilikuwa naye mchana kutwa. Uchaguzi wa kidato cha tano ukatoka, akapangiwa bweni mkoa wa mbali, mchepuo wa CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia. Julai 2025 nikamshonea sketi nikampeleka.

BABA ZAWADI: Kidato cha tano na cha sita nacho hakina ada tangu 2022, lakini fomu ya kujiunga ina orodha yake. Godoro, ndoo, jembe, reki, shuka, tranka. Wazazi mjipange.

MAMA ZAWADI: Kwa hiyo barua ilisema mtu mmoja anahama, na mwaka mmoja baadaye nyumba iliyokuwa na watu sita Tabata, sasa ina wanne Ilazo. Hapo ndipo tulipo.

BABA ZAWADI: Swali lako la mwisho kwangu uliniambia utaniuliza hewani.

MAMA ZAWADI: Ndiyo. Zamu ijayo ukipewa barua nyingine, tufanyeje?

BABA ZAWADI: Kabla sijajibu ofisini, tukae. Wewe uje na daftari lako la wateja, mimi nije na mshahara wangu, tuandike vyote kwenye karatasi moja. Kama hesabu yako haitoshi kuhama, nitatangulia peke yangu tena hadi itoshe. Na fremu ya Tabata haiuzwi.

MAMA ZAWADI: Nimekubali, na wasikilizaji ni mashahidi. Kikundi kipya cha hapa mtaani nimeshajiunga, na kuna hisa natenga kila wiki kwa ajili ya Januari 2028, sare mbili za kidato cha kwanza kwa mkupuo. Kipindi kijacho tutakuwa na mwalimu wa shule ya msingi atujibu maswali kuhusu hayo madarasa mawili yanayomaliza pamoja. Tuma swali lako kwa sauti, utaje darasa la mtoto na mkoa mlioko.