Mashemeji Hewani: Chakula na Burudani Kwenye Meli ya Watalii

MASHAKA: Karibuni wasikilizaji wetu wa hapa Kigoma, wa Ujiji, Mwanga, Gungu na popote mlipo. Wiki hii shemeji amerejea kutoka Bahari ya Mediterania, ambako binti yake anayefanya kazi Italia alimkatia tiketi ya meli ya watalii iliyopita Marseille na Barcelona. Pole na safari, shemeji.

TATU: Nimeshapoa, ahsante. Nimekuja na daftari, maana leo nakusudia kueleza mambo matatu ambayo mtu ayapime kabla hajasifia au kuponda chakula na burudani ya meli kama ile. Nina ombi moja tu, kwa heshima ya dada yangu aliyeko nyumbani kwako: usiitaje Liemba, ile meli yetu kongwe ya Ziwa Tanganyika, mpaka nifike jambo la pili.

MASHAKA: Sitaitaja.

TATU: Jambo la kwanza ni kujua unakula wapi. Ndani ya bei ya tiketi kuna ukumbi mkuu, ambako unaketi, unachagua kwenye orodha na kuhudumiwa mezani. Kisha ghorofa ya juu kuna bufee, ambako unajipakulia mwenyewe karibu kutwa nzima. Migahawa midogo ya kifahari ipo pia, lakini hiyo unailipia zaidi. Mimi nilivipima vyote kwa samaki, kwa sababu mtu wa Kigoma ni vigumu kumdanganya kwa samaki. Yule wa bufee alikuwa mnofu mweupe uliolazwa chini ya taa ya joto hadi pembe zikakauka na katikati pakavuja maji, na mchuzi wake wa krimu ulikuwa umeshafanya utando. Jioni, ukumbini, aliletwa samaki wa aina hiyohiyo, ngozi yake ikivunjika kwa mlio chini ya uma na nyama ikiachana vipande vinene bila kulazimishwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba chakula cha meli ni kibaya, muulize kwanza alikula ghorofa gani.

MASHAKA: Samaki wa Liemba hakuwa akilazwa chini ya taa.

TATU: Hata jambo la kwanza sijalimaliza!

MASHAKA: Niwie radhi, lakini umezungumzia samaki na meli katika sentensi moja, nami ni binadamu. Wasikilizaji waliosafiri na Liemba kwenda Mpulungu, Zambia, wanajua kwamba vituo vingi vya njiani havikuwa na gati, hivyo meli ilisimama majini na mitumbwi ikaja kuizunguka, huyu akipandisha magunia ya dagaa, yule akishusha mgonjwa, mwingine akiuza migebuka, na wote wakigombana kwa sauti za kirafiki. Ulikuwa ukiletewa chakula na burudani kwa wakati mmoja, wala hakuna aliyekutoza kiingilio.

TATU: Basi nikupe habari itakayokuharibia hoja. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwenye kiwanda cha Meyer, na kiwanda hicho mpaka leo kipo, kinaunda meli kubwa za watalii za aina ileile niliyopanda.

MASHAKA: Umeniharibia hoja au umeijenga? Maana yake ulipanda mdogo wake Liemba! Na mdogo huyo hajapitia hata robo ya aliyoyapitia dada yake. Yule aliundwa, akafunguliwa vipande vipande, akaletwa kwa masanduku hadi Dar es Salaam, akapanda reli hadi hapa Kigoma, akashushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakamzamisha ili adui asimpate, Waingereza wakamwinua mwaka 1924, na mwaka 1927 akarudi kazini kwa jina tunalomwita. Mdogo mtu amefanya nini zaidi ya kuwa na bwawa la kuogelea?

TATU: Mdogo mtu analisha maelfu ya watu chakula cha moto kila jioni, kwa saa iliyotangazwa. Hiyo nayo ni kazi, shemeji. Ngoja nikueleze kisa kimoja, halafu unihukumu. Pale bufee palikuwa na nyama ya nguruwe jirani na kuku, na watu walikuwa wakihamisha koleo kutoka sinia moja hadi jingine. Nikamuuliza mpishi, kijana wa Indonesia. Akatazama mtandio wangu, akaniitikia salamu, akaingia ndani na kunitolea kuku wa sinia jipya kwa koleo safi. Kesho yake aliponiona akaniletea kisahani kidogo cha sambali, pilipili iliyotwangwa na kitunguu saumu, ambayo wafanyakazi huwekewa kwenye bwalo lao kule chini. Sikula kitu kitamu kuliko kile safari nzima.

MASHAKA: Basi kesi imekwisha. Ikiwa kitamu kuliko vyote kilitoka kwenye sahani ya wafanyakazi, jiko la abiria limeshindwa.

TATU: Halijashindwa. Ulimi uliotamani pilipili ni wangu, nilitoka nao Ujiji. Jiko lile limekusudia kumridhisha Mtaliano, Mjerumani na Mhispania mezani kwa wakati mmoja, na mwamuzi wa haki hulipima kwa lilichokusudia.

MASHAKA: Chakula hupimwa na anayekila. Ukianza kumhukumu mpishi kwa nia yake, hakuna ubwabwa utakaowahi kuwa mbovu duniani. Wewe ulikuwa abiria, umelipiwa nauli kamili kama yule Mjerumani, kwa nini ulimi wake uwe kipimo na wako uwe kasoro?

TATU: Sikusema ni kasoro.

MASHAKA: Umesema.

TATU: Nimesema kwamba siwezi kumlaumu fundi wa viatu kwa kutonishonea kofia.

MASHAKA: Ukumbi umeandikwa chakula, nawe ulikwenda kula. Sikubali, shemeji.

TATU: Usikubali. Nami sibadiliki. Tuingie kwenye burudani, ambayo haiachani na chakula. Abiria wengi hula jioni kwa zamu mbili, na ukumbi wa michezo hurudia onyesho lilelile mara mbili: zamu ya kwanza inapokula, ya pili inatazama, kisha wanabadilishana. Ndiyo sababu onyesho halizidi saa moja hata likinoga. Wanasarakasi waliokuwa wakining'inia kwenye vitambaa walinifanya nisahau kufumba mdomo, ilhali waimbaji walikuwa na sauti nzuri na nyimbo za kuazima, za popote na za pasipo mahali. Tulitia nanga Naples na usiku ule hatukusikia hata mwimbaji mmoja wa Naples.

MASHAKA: Ingekuwa Liemba—

TATU: Jambo la pili, basi, ni vinywaji, kwa sababu hapo ndipo—

MASHAKA: Hiyo ni adhana ya Magharibi, shemeji, na kijana wa mitambo ameshaanza kukunja nyaya.

TATU: Na jambo la tatu ni bahashishi, ambayo huongezwa kwenye hesabu yako kila siku hata kama hujaulizwa!

MASHAKA: Utalieleza siku nyingine. Nijibu moja tu: maji ya kunywa yalikuwa bure?

TATU: Ya kwenye mashine za bufee ni bure. Ya chupa unalipia, na binti yangu alilipia.

MASHAKA: Ziwa lote hili, na mtu wa Kigoma ananunuliwa maji.

TATU: Zima mitambo, kijana.